Watu Wasio na Neno

Shamba la Knockavea,
Westmeath
13 Oktoba 2013

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za huko ndani ya monasteri? Goti lako linaendeleaje, na Mama Mkuu bado ni kiziwi mpaka aitwe chakula? Sisi huku hatujambo. Baba ana kikohozi tangu mvua za Septemba lakini hataki kusikia habari za daktari. Mama mzima kupita kiasi. Mimi nami sijambo, kwa kadiri mchawi anavyoweza kuwa hajambo.

Maana msimu wa maboga umeanza tena. Jana magari yalijaa mpaka barabarani, familia nzima nzima kutoka Dublin, watoto wamevaa buti za mpira mpya kabisa na baba zao viatu vyeupe. Mama mmoja akaniuliza kama shambani pana sehemu isiyo na tope. Nikamwambia ipo, iko Dublin. Bwana mwingine alipotea kwenye mzingile wa mahindi akapiga simu polisi akiwa humo humo ndani, analia kwamba watoto wake wamepotea pia. Watoto walikuwa wameshatoka zamani, wamekaa juu ya marobota ya majani wanakula viazi vya kukaanga. Mama akaingia na kengele kumtoa, kama ng'ombe.

Kaka yako ni yuleyule. Maboga anayalima, anayauza, na anayachukia. Anasema uso wa kweli wa Halowini huchongwa kwenye turnipi, si kwenye boga, na amechonga moja lenye meno akalitundika getini. Watoto wakiliona wanalia, naye anafurahi siku nzima.

Mimi niko kwenye zizi la zamani, uso umepakwa kijani, chunjua tatu za gundi puani. Nimekuwa mchawi wa zizi hilo tangu nikiwa shule. Watoto niliowatisha mwanzoni sasa wanakuja na wachumba zao, na bado wananikuta palepale, nyuma ya mlango uleule.

Sasa nikuambie jambo ambalo nyumbani hawalijui. Kule Kildare kuna mwanamke anaitwa Una Mahady, fundi wa kuvisha farasi viatu vya chuma. Nilikwenda kwake mwezi wa nane, nikasema naenda kununua nguo. Amekubali kunifundisha kazi, nianze baada ya Epifania. Shangazi, nilishika kwato moja tu, na tangu siku hiyo sijatulia. Lakini nitawaambiaje? Oktoba ndiyo inayolilisha shamba hili mwaka mzima, na bila mimi hakuna mchawi, hakuna wa trekta, hakuna wa tiketi. Hata maegesho si yetu, ni kiwanja cha jirani yetu Fergal Tuite, na tunakipata kwa kupeana mkono tu. Mama amezidi kumwalika Fergal chai siku hizi. Ameshaanza pia kuoka mikate ya zabibu ya siku ya mwisho, ile inayofichwa pete ndani.

Niombee.

Mtoto wa kaka yako,
Sorcha


20 Oktoba 2013

Sorcha mwanangu,

Milele amina. Barua yako ilinikuta salama, goti bado lina kiburi, na Mama Mkuu juzi alisikia kikombe kikivunjika jikoni akiwa kanisani. Mungu ana miujiza yake. Nimewasomea masista habari za yule bwana wa mahindini wakati wa mapumziko, na Sista Benigna amecheka mpaka tukampa maji.

Farasi! Marehemu babu yako angefurahi, yeye aliyekuwa akiwaamkia farasi kabla ya kumwamkia bibi yako. Nenda, binti yangu. Lakini usiwaambie katikati ya msimu. Namjua kaka yangu Malachy, akishtuliwa anafunga mdomo kama chaza. Mwache auze maboga yake kwanza. Gari la mwisho likishatoka getini, siku hiyohiyo, jioni hiyohiyo, useme.

Na huyo Fergal, ni yule mtoto wa Tuite aliyekuwa hasemi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, angalia. Lakini usiogope pete ya mkate. Tuliaminishwa kwamba anayeipata ataolewa kabla ya Halowini nyingine. Mimi niliipata mara tatu, na tazama nilipo.

Nakuombea kila siku, na Jumapili mara mbili.

Shangazi yako,
Sista Koleta


3 Novemba 2013

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo. Mimi sijui kama sijambo.

Nilifanya ulivyoniambia. Nilingoja. Alhamisi, mkesha wa Watakatifu, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na nilikuwa nimeshajipanga: magari yakiondoka tu, nivue chunjua, ninawe uso, niingie jikoni niseme. Kabla ya hapo ikabaki mikate tu.

Unajua Mama anavyofanya. Penye pete huchomeka karafuu juu ya mkate apate kupajua, halafu kipande kile anampa kijana aliyekuja na mchumba wake, wageni wapige makofi. Miaka yote hii mkono wake haujakosea. Mwaka huu akakata, akagawa, kipande cha karafuu akampa Fergal, aliyekuwa amesimama pembeni na koti lake la kuelekezea magari. Fergal akauma, akashika shavu, akatoa pete. Watu wote wakageuka. Shangazi, maskini alikuwa mwekundu hadi shingoni. Akatafuta mahali pa kuitupa, na mtu wa karibu zaidi nilikuwa mimi.

Akasema, "Shika hii, Sorcha."

Nami nikashika. Basi, hilo ndilo kosa langu lote. Mtu akikupa kitu mbele ya watu, si unashika?

Makofi yale! Mama akaivuta pete kutoka kiganjani mwangu akanivisha kidoleni ili tupigwe picha, mimi na uso wangu wa kijani. Baba akamkumbatia Fergal. Baba, ambaye hajamgusa mwanamume tangu mazishi ya babu. Alikuwa analia, Shangazi. Alisema mashamba mawili yamekuwa moja na sasa anaweza kufa kwa amani, na watoto wa watu wakauliza kwa nini yule mzee anakufa.

Nikamtazama Fergal aseme kwamba ni mzaha. Fergal alikuwa ananitazama mimi. Leo kanisani Paroko ametupongeza mbele ya watu wote, na kwaya nzima ya akina mama ikanibusu. Pete ni ya shaba ya bei rahisi, kidole kimeanza kugeuka kijani, na kila nikiivua Mama anauliza iko wapi.

Sikusema habari za Kildare. Ningesema vipi, na Baba anaimba zizini?

Nifanye nini?

Binti yako,
Sorcha


10 Novemba 2013

Mwanangu,

Milele amina. Sisi ni wazima. Nilicheka nilipofika kwenye ule uso wa kijani, kisha nikaacha kucheka.

Nakuuliza mawili tu. Je, huyo kijana alikuposa kwa mdomo wake? Na wewe ulimjibu kwa mdomo wako? Kama hapana, basi hakuna uchumba, kuna mkate tu. Assumpta mama yako ni mwanamke mwema lakini amezoea kuoka vitu mpaka viive, na watu pia anawaona hivyo hivyo.

Ukitaka, nitamwandikia Malachy mimi mwenyewe. Barua ya sista haiwezi kutupwa motoni, dini hairuhusu. Lakini sitamwandikia bila ruhusa yako, maana jambo ni lako. Unijibu upesi. Majilio yanaanza Jumapili ya tarehe mosi Desemba, na unajua kanuni yetu: kuanzia hapo barua haitoki wala haifunguliwi. Zinazokuja Mama Mkuu anazitia kapuni hadi Krismasi.

Usiniweke roho juu.

Shangazi yako,
Koleta


29 Novemba 2013

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Samahani nimechelewa. Kila siku nilisema kesho nitasema mwenyewe, sina haja ya kumsumbua Shangazi. Kila kesho ilikuja na jambo lake.

Kwanza Fergal aling'oa ua ulio kati ya mashamba yetu, kwa sababu Baba alimwambia itakuwa vizuri trekta lipite. Halafu Mama akaenda kuulizia ukumbi, ukapatikana Jumatatu ya Pasaka. Halafu kofia. Mama amenunua kofia ya harusi, Shangazi, ya rangi ya samoni, na anaivaa akipika. Baba amechora ramani ya Oktoba ijayo: mzingile mkubwa mara mbili, tela la kuzungusha watoto mpaka mtoni, zizi la pili la mizimu. Mizimu ni mimi. Mchawi pia ni mimi. Nilipouliza nitakuwaje kote kuwili, akasema nitazaa wasaidizi.

Fergal anakuja jioni, anakaa, anaongea kidogo kuhusu ng'ombe, anakunywa chai, anashukuru, anaondoka. Ni mtu mwema, na hapo ndipo nilipobanwa. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeshakimbia na nusu ya parokia ingenisindikiza.

Juzi nilijikaza. Nikamfuata mpaka getini, nikamwambia, "Fergal, hii habari ya Pasaka."

Akasema, "Mama yako anasema ndivyo unavyopenda. Mimi sina neno."

Nikajisikia nikisema, "Kama wewe huna neno, na mimi sina neno."

Tukapeana usiku mwema. Nyumba hii yote ndivyo ilivyo. Baba hana neno, Mama hana neno, Paroko hana neno. Tukikaa mezani wote hatuna neno, na harusi inazidi kusogea yenyewe.

Una Mahady anataka jibu. Shangazi, siwezi. Nikifungua mdomo namwona Baba anavyolia siku ile. Mwandikie wewe. Mwambie yote, farasi na karafuu na kila kitu. Ruhusa unayo. Naipeleka barua hii posta sasa hivi, kabla ya kubadilisha nia.

Mtoto wako,
Sorcha


17 Desemba 2013

Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hunijibu na husomi. Nilimvizia tarishi kila asubuhi hadi mbwa akamzoea, nikafikiri umenikasirikia. Halafu Jumapili kanisani nikaona ile mishumaa ya Majilio, nikakumbuka kapu. Barua yangu ilifika Jumatatu, au sivyo? Ingefika Jumamosi ungeifungua. Nilijicheka mwenyewe kanisani mpaka Mama akanifinya.

Basi kwa kuwa hakuna wa kunisemea, jana nimekwenda kwa Fergal. Alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango. Nikamwambia yote bila kupumua: sitaki kuolewa, si kwa ubaya, nataka kwenda Kildare.

Hakushtuka. Alisema, "Nilijua hutaki. Nilidhani utazoea. Mimi mwenyewe nimezoea mengi."

Nikamuuliza kama yeye alitaka. Akaigeuza bawaba mkononi muda mrefu. Akasema siku ile ya mkate alitaka kunipa tu ile pete nimshikie, lakini aliporudi nyumbani aliwasha taa za vyumba vyote, kuona tu nyumba yenye watu ingekuwaje. Shangazi, ningependelea anitukane.

Halafu akauliza nani atawaambia wazee. Nikasema mimi, mezani, siku ya Krismasi, naye atakuwepo. Akasema sawa. Ukilifungua kapu nitakuwa nimeshasema.

Binti yako,
Sorcha


25 Desemba 2013

Sorcha mwanangu mpenzi,

Heri ya Krismasi. Mama Mkuu ametugawia kapu baada ya chakula, na nimesoma barua zako mbili nimesimama, kwa hiyo goti linanilaani. Ile ya Novemba ilifika Jumatatu kweli. Nimesikitika sana kwamba ilikuwa imelala chumba cha pili na mimi napita hapo nikienda kuchuma kabichi.

Nilikuwa nimeshika kalamu nimwandikie Malachy palepale. Kisha nikasoma ya tarehe kumi na saba, kwamba utasema mwenyewe leo mezani. Saa hizi mmeshakula. Basi nimeiweka kalamu chini, maana barua yangu sasa ingekuwa kukurudisha utoto. Natumaini nimefanya sawa. Uniandikie upesi, hata mistari miwili.

Watu wakija kwenye chumba chetu cha wageni wakiona nondo zinazotutenga nao huwa wananihurumia. Siwaambii, lakini wewe nakuambia: mlango wa ndani una komeo, na komeo liko upande wetu. Nililifunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, na zipo asubuhi nalitazama na nalifunga tena. Wewe chunguza la kwako liko upande gani. Kama liko upande wa nje, toka hata kwa dirisha.

Msalimie Fergal. Taa za vyumba vyote zimeniliza.

Shangazi yako,
Koleta


2 Machi 2014

Sorcha,

Hujambo mwanangu? Nyumbani hawajambo? Tangu Krismasi sijapata hata kadi. Assumpta aliniandikia mwezi wa pili habari za kofia na keki ya harusi, na habari zako hakuandika. Jumatano ni ya Majivu, na kapu linarudi mahali pake mpaka Pasaka. Kama kuna kitu, chochote, nitumie kesho.

Shangazi yako


16 Machi 2014

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa aibu. Hii nayo imechelewa na itakaa kapuni hadi Pasaka, lakini safari hii sikuiandika ili uniokoe.

Krismasi niliweka uma chini nikasema, "Baba, nina jambo." Akasema na yeye analo, ningoje. Akatoka, akarudi na ubao alioupaka rangi mwenyewe wa kuweka barabarani, umeandikwa Maboga ya Geraghty na Tuite, jina letu kwanza. Alikuwa amechora boga, Shangazi, yeye Baba, na amelichorea tabasamu. Nikasema, "Asante, Baba, zuri sana." Fergal alitazama sahani yake. Siku ya pili nilimwandikia Una kwamba siji, na kuanzia hapo nilifanya nilichoambiwa. Nilipimwa gauni. Nilichagua nyimbo.

Jumanne ya mwisho kabla ya Majivu tuliamshwa na nyundo. Fergal alikuwa anasimamisha ua upya, nguzo kwa nguzo, peke yake kwenye mvua. Baba akatoka na ndara, mimi nyuma yake. Akamuuliza ua wa nini, na harusi ni Pasaka.

Fergal akasema, "Harusi hakuna, Malachy. Nimebadilisha mawazo. Sorcha hana kosa lolote. Mimi ndiye mwenye neno."

Maneno aliyoyasema Baba siwezi kumwandikia sista. Fergal aliyasikiliza yote huku anashikilia nguzo isianguke. Mchana parokia nzima ilikuwa imeshajua. Jumatano kwenye mstari wa majivu hakuna aliyesimama nyuma yake wala mbele yake. Mimi nililetewa keki. Nililetewa keki na kila mwanamke wa hapa mpaka Mullingar, wakinishika mashavu, wakinipa pole. Na siku hizo hizo Una akapiga simu: msichana aliyemchukua badala yangu ameacha kazi, kama bado nataka nije. Mama mwenyewe, nilipomwambia, akasema niende huko nimsahau Fergal.

Basi ua umesimama, lango liko wazi, na kila mtu ananisukuma nitoke. Ningeondoka na ningeombewa. Nilikula zile keki wiki nzima, Shangazi, na zilikuwa tamu.

Jana nilimkuta Baba kwenye zizi la zamani anaukata ule ubao kwa msumeno. Akasema yule mtu asikanyage tena hapa, heri Oktoba ife na shamba life.

Nikamwambia, "Baba, si Fergal. Ni mimi. Sikutaka tangu siku ya mkate. Fergal alijua, akajitwika."

Msumeno ukasimama. Akauliza kwa nini sikumwambia.

"Niliogopa utasema huna neno," nikasema, "halafu nikuone uso."

Akakaa kwenye robota. Nilikaa naye. Hakuniangalia, na hakulia, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimeogopa machozi yake miezi yote hii na sasa ningeyapenda kuliko kile kimya. Kisha akaamka, akavaa kofia, akakatiza kiwanja kwenda kwa Fergal. Alikaa huko mpaka jioni. Wameongea nini sijui, ila alirudi na tope hadi magotini na nyundo ya Fergal mkononi, na leo kanisani alikwenda kukaa benchi moja naye, mbele kabisa. Habari za maegesho bado hazijatajwa nyumbani. Mama hajanisemesha hadi sasa. Kofia imerudi dukani.

Naondoka kesho na basi la asubuhi. Sasa hivi, nikiwa naandika, Baba ameingia jikoni akajimiminia chai, akasimama dirishani akinipa mgongo.

"Hao farasi wa Kildare," amesema, "wanapiga mateke?"

Nimemwambia wanapiga.

"Basi ukiwa nyuma ya farasi simama karibu naye kabisa, umguse. Anayevunjwa ni yule anayesimama mbali kidogo."

Kisha ameniuliza kama buti zangu zinavuja, na amezichukua akazipake mafuta.

Mtoto wa kaka yako,
Sorcha